Mbao ya Tukuyu kwenye Jua la Usangu

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu kinapovunjwa, nao ulitoka jikoni saa nane za mchana, wakati jikoni hapakuwa na mtu. Lea alikuwa uani anaanua nguo. Alijua ni nini kabla hata hajageuka. Aliziacha nguo zikaanguka vumbini, akakimbilia jikoni, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa na kulishusha gitaa kutoka kwenye kichanja kilichokuwa juu ya mafiga. Lilikuwa limefungwa kanga mbili, na mgongoni lilikuwa la moto kama mtoto mwenye homa. Akalifungua mlangoni, penye mwanga.

Ufa ulianzia chini ya kile kibao kinachoshika nyuzi, ukateremka moja kwa moja mpaka ukingoni. Ulikuwa mwembamba, lakini alipolielekeza gitaa juani na kuchungulia kwenye tundu, aliona mstari wa mwanga ndani. Lea alikaa chini pale pale kizingitini. Hakulia. Kulia kunataka nguvu, na zake zilikuwa zimekwisha tangu mwezi wa nane.

Sasa, wapo watakaosema gitaa ni gitaa tu, likipasuka si linanunuliwa jingine? Waliomwambia Lea hivyo mwaka huu walikuwa wengi, na kila mmoja wao angestahili kufungiwa siku nzima chumbani na mzee Rabson, bila gitaa, amtazame machoni. Angetoka na maneno mengine kabisa.

Mzee Rabson Mwakatundu, baba yake Lea, alikuwa fundi seremala nje kidogo ya mji wa Tukuyu, kule ambako mvua ni mwenyeji na jua ndilo mgeni. Gitaa lile alilitengeneza kwa mikono yake mwaka aliozaliwa Lea. Mbao ya mbele aliitoa kwenye mlango wa kabati kuukuu la kanisa la Moravian, mwerezi mwekundu ulionyooka, na alitumia mwaka mzima kulimaliza kwa sababu mchana alikuwa na milango ya watu. Mtoto na gitaa walikua nyumba moja. Lea alijifunza kulipiga kwa kuiba, baba akiwa shambani, mpaka siku mzee alipomfumania, akamtazama kidogo, kisha akamsogezea kigoda akae vizuri.

Mzee alikuwa na wimbo wake wa kazini, ambao hakuna kitabu kilichouandika. Aliuimba akipiga randa, na asubuhi aliupiga kwa gitaa kuwaamsha watoto:

*Nimeamka, jua limeamka,*
*Lea nipe chai nipige randa.*

Basi. Mistari miwili, inazunguka mpaka chai ije.

Mwaka juzi, randa ikiwa mkononi, alianguka. Kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakaondoka yote. Mzee aliyekuwa akibishana na wachungaji kuhusu Agano la Kale alibaki na "aa" tu: "aa" ya njaa, "aa" ya baridi, "aa" ya hasira. Mke wake alishatangulia mbele za haki, na watoto wengine walikuwa mbali, kila mmoja na sababu zake. Mwezi wa tano mwaka huu Lea akaenda kumchukua, akamleta kwake Rujewa, kwenye mbuga za Usangu, alikoolewa na Amos, mkulima wa mpunga. Kwa Wanyakyusa, mwanaume kwenda kufia nyumbani kwa mkwewe si jambo la kujivunia. Kila Amos alipoingia barazani, mzee aliugeuzia ukuta uso.

Gitaa lilikuja naye. Na jioni moja, wiki ya pili, Lea akaona ampigie mzee ule wimbo wake wa randa ili amchangamshe. Alipofika mstari wa pili, baba yake akafungua mdomo na kuimba. Aliimba maneno, yote, kwa sauti ileile ya karakana: *Lea nipe chai nipige randa.* Amos, aliyekuwa anatoka shambani, aliangusha jembe uani.

Walikuja kujua kwamba huwa inatokea, kwamba nyimbo zina mahali pake kichwani na ugonjwa huweza kupita kando bila kuzigusa. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alimwambia Lea hivyo kwenye simu, akamwambia ampigie kila siku. Naye akapiga. Akauzungusha ule wimbo polepole, na mzee akaanza kubadilisha maneno ndani yake. *Lea nipe maji mguu unauma.* *Lea huu uji hauna chumvi.* Hiyo ya chumvi waliicheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Siku nyingine aliimba jina la marehemu mkewe, mara tatu, kisha akaashiria kwa mkono kwamba leo inatosha. Sentensi moja kwa siku, au mbili. Lea alijaribu gitaa la umeme la kanisani, mzee akalitazama kama mgeni asiyepiga hodi. Alijaribu kuimba bila gitaa, ikatoka "aa". Ni lile gitaa, kwa sauti ile, au hakuna.

Kwa hiyo gitaa lile lilikuwa mdomo wa baba yake. Naye Lea akaupeleka jikoni, akauweka juu ya moto.

Msimcheke. Alifanya alichofundishwa. Tukuyu kila kitu kizuri hukaa juu ya mafiga: mbegu za mahindi, mikeka, Biblia ya bibi, ngoma ya kanisa. Kisipokaa kwenye moshi kinaota ukungu kwa wiki moja. Baba mwenyewe alikuwa akisema adui wa gitaa ni unyevu, na gitaa lilikaa kwenye kichanja cha jikoni miaka arobaini, likashushwa kila lilipopigwa, likarudishwa. Lea alipojenga jiko lake Rujewa alijenga na kichanja, ingawa wanawake wa Kisangu walimuuliza anakausha nini kwenye nchi iliyokauka. Mzee hakujua linakokaa. Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, na yeye alikaa barazani mbele.

Mwezi wa sita ulikuwa wa baridi na mambo yakaenda. Mwezi wa saba upepo ukaanza, ule upepo wa Usangu unaokausha midomo na kutimua pumba za mpunga kutoka mashineni mpaka kwenye vikombe vya chai. Gitaa likaanza kukwaruza. Uzi mnene ulikuwa ukilia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Vile vyuma vidogo vya shingoni, ambavyo zamani Lea hakuvisikia, vikawa vimechomoza pembeni na kumchana kiganja. Na mzee, sauti ile mbaya ilipoanza, aliziba sikio kwa mkono wake mmoja mzima na kufumba mdomo.

Lea akasema moyoni, ni unyevu. Nini kingine? Akaongeza kuni.

Kisha akamuuliza Liberatus, mwalimu wa kwaya. Liberatus alikuwa kijana mwema, mzaliwa wa Mufindi, kule Iringa kwenye ukungu wa mashamba ya chai, ambako watu huanika soksi siku tatu. Aliligusa gitaa, akalinusa, akatikisa kichwa kama daktari.

"Hili limekunywa maji, mama. Unajua simu ikiingia maji tunafanyaje?"

"Tunaweka kwenye mchele."

"Basi na hili hivyohivyo."

Watu wawili wa ukungu wakashauriana juu ya nchi ya jua, wakaridhika. Mchele si ndio mji wenyewe? Lea alijaza mchele mkavu kwenye soksi nne safi, akaziingiza ndani ya gitaa kupitia tundu, akalifunga kanga mbili, akalirudisha juu ya moto. Kila siku tatu alibadilisha mchele. Alifanya kazi ile kwa uangalifu kama anayefunga kidonda. Gitaa likazidi kuharibika. Mbao ya mbele ikabonyea, nyuzi zikalala juu ya vyuma, mpaka ikafika siku ambayo kati ya nyuzi sita ni mbili tu zilizotoa sauti ya kueleweka. Mzee hakuimba hata neno moja mwezi wa nane wote.

Ndipo akaanza mambo ya maji.

Siku ya kwanza Lea alikuwa amelileta gitaa barazani kutoka jikoni, la moto bado, linanuka moshi. Mzee akaligusa. Alivuta mkono haraka, akaanza "aa, aa" kwa nguvu, macho yamemtoka, akakichukua kikombe chake cha maji ya kunywa na kukimimina chote sakafuni, miguuni pa Lea, chini ya gitaa. Lea akafuta. Kesho yake akamwaga tena. Kesho kutwa tena. Kila akiliona gitaa, anamwaga maji. Maji yenyewe ya kutekwa kisimani, kiangazi, foleni ya ndoo tangu alfajiri.

"Mzee anaanza kupotea," Amos alisema taratibu. "Mama Tusa, tujiandae tu."

"Hajapotea."

"Sijasema kwa ubaya."

"Nimesema hajapotea, Baba Tusa!"

Lakini usingizi ulimpaa. Mwanamke huyu hakuwa na jambo jingine kichwani isipokuwa hilo: baba yake alikuwa ndani ya kile kichwa, mzima, amefungiwa, na mlango pekee ulikuwa unaharibika mikononi mwake, na kadiri alivyoutengeneza ndivyo ulivyozidi kujifunga. Aliomba. Alifunga kula siku mbili. Alimkaripia Mungu, kisha akamwomba radhi.

Sasa turudi pale kizingitini, mwezi wa tisa, ufa umeshapasuka.

Lea alinyanyuka, akatoka na gitaa mpaka barazani. Sijui alitaka nini. Nafikiri alitaka tu asiwe peke yake na jambo lile. Alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akamwonyesha ufa.

"Tata," alisema, "limepasuka. Nisamehe. Nimejaribu kila kitu."

Mzee akauona ufa. Uso wake ule, nusu hai na nusu uliolegea, ulikunjamana wote. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakinyakua kikombe, na safari hii hakumwaga sakafuni. Alirusha maji yote juu ya gitaa.

Maji yalitapakaa usoni pa gitaa, yakaingia kwenye ufa na kudondoka ndani ya tundu. Na Lea, binti wa Rabson, mwenyewe mzee wa kanisa, mama wa Tusa anayesoma kidato cha nne Iringa, aliinua mkono na kumpiga baba yake. Alimpiga kwenye mkono ule mzima, mara moja, kwa nguvu. Kikombe kikaruka, kikabingirika mpaka uani.

Mzee alitazama mkono wake. Kisha akamtazama bintiye. Hakukuwa na hasira machoni pake, na afadhali ingekuwepo. Akaugeuzia ukuta uso, kama alivyozoea kumfanyia Amos.

Jioni ile Lea alikiweka kikombe juu ya kabati, mbali na mzee, akaamua atamnywesha kwa kijiko. Lakini mzee hakufungua mdomo. Wala kwa uji, wala kwa maji, wala kwa dawa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Amos, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuja akauchukua ule uji mikononi mwa mkewe, akakaa pembeni ya kitanda. Na mzee Rabson, ambaye kwa aibu alikuwa hajawahi kumtazama mkwewe usoni, alifungua mdomo na kula mkononi mwake. Lea aliona. Alitoka nje, akashika ukingo wa pipa la maji kwa mikono miwili, akabaki ameinama hapo muda mrefu.

"Kuna duka Uhindini, Mbeya," Amos alimwambia usiku ule ule. "Yule mzee anayetengeneza redio na vinanda. Mpelekee. Likishindikana tutajua limeshindikana."

Alfajiri Lea alipanda bodaboda mpaka Igawa, akadaka basi la Mbeya. Kondakta alitaka gitaa likae chini kwenye buti. Alimtazama kondakta yule kwa jicho ambalo halikuhitaji maelezo, akalipakata njia nzima.

Mzee Mujtaba alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa uzi, na duka lake lilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Alizaliwa Iringa, akakulia Mbeya, na Kiswahili chake kilikuwa cha pale pale mtaani. Lea alimwamkia, akaweka gitaa mezani, akafungua kanga. Mzee Mujtaba aliingiza vidole kwenye tundu, akatoa soksi ya mchele. Akatoa ya pili, ya tatu na ya nne, akazipanga mezani.

"Hii nini, mama?"

"Mchele. Wa kunyonya unyevu."

"Unatoka wapi?"

"Rujewa."

Alivua miwani. "Rujewa, mwezi wa tisa, unyevu unautoa wapi wewe?"

Lea akamweleza kila kitu: kichanja, moshi, mchele, Tukuyu. Mzee Mujtaba alisikiliza huku anapitisha kidole gumba kwenye vyuma vilivyochomoza shingoni.

"Unasikia hapa panavyokwaruza? Mbao imesinyaa. Chuma hakisinyai, kwa hiyo kinatokeza. Na kifua hiki kimezama, ona. Mbao hai hiyo. Imezoea hewa yenye maji tangu ilipokatwa, wewe umeileta kwenye ukame, tena ukaibanika kama dagaa, tena ukaitia mchele uimalizie hata kile kidogo ilichobakiza. Hili gitaa halikuingia maji, mama. Lina kiu."

Lina kiu. Lea alisikia neno lile, na kwa muda hakusikia mengine yaliyofuata.

Alikumbuka akiwa mtoto wa miaka tisa au kumi. Baba yake alikuwa amechonga mabenchi ya kanisa la Rujewa, yakapelekwa kwa lori, na kiangazi cha kwanza yakapasuka yote. Watu waliwacheka mafundi wa Tukuyu. Baba alisafiri mwenyewe kwenda kuyatengeneza, akakaa wiki mbili, akarudi na kiroba cha mchele. Huo mchele ndio Lea aliokuwa akiukumbuka siku zote, wali mweupe, siku isiyo sikukuu. Sasa alikumbuka na maneno, baba akiwa amekaa kwenye kigoda anamsimulia mama huku anacheka: kwamba mbao za kwetu zikifika Usangu zinaona kiu, kwamba alipanga mabeseni ya maji chini ya kila benchi mpaka mbao zikatulia ndipo akatia gundi, na wazee wa kanisa walimwona amerukwa na akili.

Mabeseni ya maji chini ya kila benchi.

Kikombe kinamiminwa sakafuni, chini ya gitaa. Kila siku. Mwezi mzima.

"Mama? Mama, kaa chini," mzee Mujtaba alisema. "We Shaista, leta maji!"

Binti yake alileta glasi, na Lea alipoiona ile glasi ndipo kilio kilipomtoka, kile kilichokuwa kimekwama tangu kizingitini. Alilia mbele ya watu asiowajua, bila kujifunika. "Alikuwa ananiambia," alisema. "Alikuwa ananiambia kila siku, nami nikampiga."

Mzee Mujtaba hakuuliza nani kampiga nani. Alimsubiri anywe maji. Kisha akaeleza kazi yake. Hatatia gundi leo, maana kuziba ufa wakati mbao imesinyaa ni kuiambia ipasuke pengine. Kwanza itakunywa. Atalifungia ndani ya kasha la gitaa alilokuwa nalo dukani, pamoja na sponji mbichi, iliyokamuliwa isidondoke, ndani ya kisahani cha sabuni chenye matundu. Mbao itavuta ile hewa polepole, itavimba, ufa utajifunga wenyewe, halafu ndipo atabandika vipande vya kushikilia kwa ndani. Wiki mbili.

"Baba yangu hali mkononi mwangu," Lea alisema. "Anaweza asifike wiki mbili."

"Mbao haijui hilo, mama. Ukiiharakisha utapoteza vyote viwili."

Alirudi Rujewa mikono mitupu. Alienda moja kwa moja kitandani kwa baba yake, akapiga magoti, akamwambia. Alimwambia ya benchi, ya mabeseni, ya kiu. Alisema, "Tata, ulikuwa unasema kweli, mimi ndiye niliyekuwa kiziwi. Nimekupiga, Tata. Nisamehe." Mzee alikuwa ameangalia ukuta. Lea aliona bega lake likipanda na kushuka, lakini uso haukugeuka. Aliteremsha kikombe kutoka juu ya kabati, akakijaza, akakiweka kwenye meza ndogo ulipo mkono mzima. Mzee hakukigusa.

Hakukigusa siku ile wala siku zilizofuata. Kila asubuhi Lea alibadilisha maji, kila jioni aliyakuta palepale yalipokuwa. Amos alimlisha mzee kabla ya kwenda shambani na baada ya kurudi, na mzee alikula kidogo, kila siku kidogo zaidi. Mabega yakachongoka. Siku ya tisa alikula vijiko vitatu. Siku ya kumi na moja, viwili. Lea alivunja kile kichanja cha jikoni kwa shoka, akapika maharage kwa mbao zake, na haikumsaidia kitu kingine zaidi ya hayo maharage. Mchungaji alikuja, akaomba, na alipokuwa anaaga alimuuliza Lea kwa sauti ya chini kama ndugu wa Tukuyu wameshapewa taarifa. Lea alimjibu kwamba hakuna taarifa ya kupeleka. Kisha akaingia ndani na kutafuta namba zao.

Siku ya kumi na nne simu ikalia. Alienda Mbeya na kurudi siku hiyohiyo.

Alifika jua likiwa bado juu. Amos alikuwa amemtoa mzee nje barazani, akamketisha kwa mito, na ile meza ndogo yenye kikombe pembeni yake. Lea hakulileta gitaa karibu. Alikaa kwenye kigoda hatua mbili mbele ya baba yake, mahali ambapo mzee ataona kila kitu, akaweka beseni la maji chini, kati yao, akafungua kasha la mzee Mujtaba. Alitoa kile kisahani cha sabuni cha bluu, akaitoa sponji, akaichovya kwenye beseni, akaikamua mara mbili mpaka ikaacha kudondoka, akairudisha. Baba yake alikuwa anatazama mikono yake, kama zamani alivyomtazama mwanafunzi wa karakana anapopima ubao.

Akalitoa gitaa. Ufa ulikuwa umefungika, umebaki mstari kama kovu. Kifua kilikuwa kimeinuka. Akapiga uzi mnene, na ukalia vizuri, kwa sauti nzito ya nyumbani.

Mzee hakuziba sikio. Lea akaanza wimbo wa randa. Akauzungusha mara moja, akaacha nafasi ya maneno. Hakuna kitu. Akauzungusha mara ya pili. Mara ya tatu, ya nne. Baba yake alikuwa amefumba mdomo, macho yapo kwenye beseni. Vidole vya Lea vilianza kupoteza njia. Gitaa limepona na mtu hakupona, alijiambia, nimechelewa, nimemfungia humo mwenyewe kwa mkono wangu. Akaacha kupiga. Akalilaza gitaa mapajani, akainamisha kichwa.

Akasikia maji.

Mzee Rabson alikuwa amekichukua kikombe, kile ambacho hakukigusa wiki mbili, akajiinua kwenye mito mpaka Amos akamkimbilia kumshika kiunoni. Alikinyoosha mpaka juu ya beseni, akamimina polepole, maji yote, hakumwaga tone pembeni. Kisha akamwashiria Lea kwa kidevu. Piga.

Lea akapiga. Nyuzi zilizunguka mara moja, na kwenye mstari wa pili, pale panapokaa jina lake, mdomo wa mzee ukafunguka upande mmoja. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusema.

*Lea mkono... mkono hauumi.*

Alirudia, sasa bila kukwama, na akaunyanyua ule mkono wa kushoto auone.

*Lea mkono hauumi.*

Machozi yalimtiririka Lea mpaka shingoni, na hakuweza kuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini na hakutaka wimbo ukatike.